Ukungu, si Mvuke: Nebulaiza kwa Mtoto Mchanga Anayekohoa

Kabla hujagusa swichi ya mashine, mvue mtoto nguo ya juu. Mpakate mahali penye mwanga na usubiri atulie. Akiwa amelala ndiyo bora zaidi. Weka saa ya simu, tazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka, kisha hesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa mafungu: mara haraka haraka, mara anatulia, mara anaanza tena. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, hesabu tena. Zikirudi zilezile, hiyo si kasi ya kawaida. Wa miezi 2 hadi 11, mpaka ni 50. Aliyetimiza mwaka mmoja mpaka anakaribia mitano, ni 40. Hizi ndizo namba anazotumia mhudumu wa zahanati, na mzazi mwenye simu na subira anaweza kuzipata kitandani kwake.

Ukimaliza kuhesabu, usimfunike bado. Tazama pale mbavu zinapoishia, juu kidogo ya tumbo. Ukiona sehemu hiyo inabonyea ndani kila anapovuta hewa, kama mfuko wa nailoni unaonyonywa, ujue kupumua kumekuwa kazi nzito. Sikiliza kama anaguna kila anapotoa pumzi, au kama koo linatoa mlio mkali anapovuta hewa ilhali ametulia. Mpe titi uone kama analishika. Angalia rangi ya midomo na ulimi.

Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anayeguna, ambaye midomo imekuwa ya bluu au kifua kinabonyea, ni wa hospitali sasa hivi. Usiseme ngoja nimvutishe mara moja kwanza. Na aliye chini ya miezi 2, akiwa anakohoa na kupumua kwa shida, au ana homa, au ananyonya kwa kusuasua, huyo hana cha kusubiri nyumbani hata kama mashine iko mezani na umeme upo.

Nimeanza na kuhesabu kwa sababu ya alfajiri moja ninayoikumbuka. Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Akaingia dada mmoja, mtoto wa miezi minne kamfunga mgongoni kwa kanga, mkononi kabeba mkoba. "Shikamoo nesi." "Marahaba mwanangu, mtoto ana nini?" Akafungua mkoba kwanza, akatoa mashine, bado ina joto. "Nimemvutisha mara nne tangu saa sita ya usiku. Kila nikimaliza naona nafuu, halafu inarudi." Nikamuuliza alikuwa anaweka dawa gani. Akatazama chini. "Ile ya jirani. Mtoto wake ana pumu." Tulipomvua mtoto nguo, mbavu zilikuwa zinahesabika kila pumzi, na kipimo cha oksijeni kilisoma 86. Kikishuka chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni bila mjadala.

Dada yule hakuwa mzembe, alikesha. Tatizo ni kwamba mashine ilimpa kitu cha kufanya, na usiku wote ukaishia katika kukifanya. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini tangu siku ile, mzazi akiniuliza anunue nebulaiza ipi, mimi humuuliza kwanza kama anajua kuhesabu pumzi.

Jina nalo limetuponza. Wengi wetu tunaiita mashine ya mvuke, na mvuke kwa Mswahili ni ule wa sufuria, wa nyungu, wa kujifunika shuka na majani ya mwarobaini. Kinachotoka kwenye nebulaiza hakijachemshwa. Pampu inasukuma hewa kwa nguvu kupitia mrija mpaka kwenye kikombe cha dawa, hewa hiyo inaipasua dawa ya maji kuwa chembechembe ndogo sana, ndogo kiasi cha kuweza kusafiri hadi ndani ya mapafu. Ni ukungu, tena wa baridi, kama ule wa Lushoto asubuhi. Anayeamini kuwa ni mvuke haoni ubaya wa kudondoshea humo Vicks, mafuta ya mkaratusi, karafuu au maji ya tangawizi. Mafuta yakifika ndani ya pafu hayana pa kutokea. Hukaa humo na kuleta nimonia ya aina yake, ambayo antibiotiki haiitibu. Maji ya bomba hayafai, hata yawe yamechujwa: yanaweza kubeba vijidudu moja kwa moja hadi mapafuni, na maji matupu yasiyo na chumvi yanaweza kubana njia za hewa za mtoto ambaye tayari zimembana. Na ule mvuke halisi, wa beseni la maji ya moto, usimsogezee mtoto kabisa. Wodi ya majeraha ya moto ina watoto walioletwa na beseni la kujifukiza.

Kuna imani nyingine ninayoisikia karibu kila wiki, kwamba nebulaiza inampa mtoto oksijeni. Ya nyumbani haimpi. Inasukuma hewa ileile iliyomo chumbani. Hospitali huiunganisha na mtungi wa oksijeni, na ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana kapata nafuu kule, kisha nyumbani, kwa dawa ileile, nafuu isionekane.

Kwa hiyo swali si kama mtoto avutishwe. Swali ni kikohozi hiki ni cha nini, na kikombe kina nini.

Vikohozi vingi vya watoto ni mafua tu. Pua imeziba, kamasi inateremka kooni, anakohoa zaidi usiku akilazwa, lakini anapumua kwa kasi yake ya kawaida na ananyonya. Huyu hahitaji mashine. Matone mawili ya maji ya chumvi ya kudondoshea puani, yale yanayouzwa famasi, katika kila tundu kabla ya kunyonya, humfaa kuliko ukungu wa dakika kumi. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo.

Kinachowapeleka wengi kwenye nebulaiza ni bronkiolaiti. Ni ugonjwa wa virusi unaowapata watoto chini ya miaka miwili, hasa walio chini ya mwaka, na kirusi kinachoongoza kinaitwa RSV; watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wamekuwa wakikifuatilia kwa miaka mingi. Huanza kama mafua, siku ya tatu hadi ya tano huzidi, kifua kinalia filimbi na kukorota. Mzazi akisikia filimbi anasema pumu. Lakini katika pumu vijia vya hewa vimebanwa na misuli inayovizunguka, na salbutamoli kazi yake ni kuilegeza misuli hiyo. Katika bronkiolaiti vijia vyenyewe vimevimba na kujaa kamasi. Hakuna cha kulegeza. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2014 na ule wa Uingereza wa 2015 yote miwili inasema salbutamoli isitumike kwa bronkiolaiti. Mtoto anahitaji pua iliyo wazi, maziwa ya kutosha, na oksijeni ikipungua. Kikohozi chenyewe kinaweza kuendelea hadi wiki tatu, na hilo mzazi asipoambiwa mapema, ataizungukia kila famasi ya mtaa.

Kikohozi cha kubweka kama mbwa, sauti imekauka na koo linalia anapovuta hewa, ni krupu. Huko hospitali hupewa deksamethasoni, na akizidiwa, adrenalini kwa nebulaiza, kisha anaangaliwa kwa saa kadhaa kwa kuwa nafuu ya adrenalini hupita. Si kazi ya nyumbani. Nimonia, homa ya mapafu, inahitaji antibiotiki. Ukungu hauui bakteria. Na mtoto aliyekuwa mzima akicheza, ghafla akapaliwa na kuanza kukohoa, fikiria punje ya karanga au kifungo, mkimbize.

Anabaki mtoto ambaye kifua kinambana na kulia filimbi mara kwa mara, pengine kwao kuna pumu, na daktari amemjaribu kwa salbutamoli akaona inamsaidia. Huyo ndiye mashine imetengenezwa kwa ajili yake. Mengine yote ninayoandika hapa chini ni ya mzazi wa mtoto huyo, au wa yule aliyeandikiwa na daktari kwa sababu aliyoielezwa.

Tuje kwenye kikombe. Salbutamoli ya nebulaiza inauzwa kwa namna mbili, na hapa naomba usome polepole. Kuna vichupa vidogo vya plastiki vya kutumia mara moja, vingi vina 2.5 mg ndani ya 2.5 ml, unakivunja kichwa, unamimina chote. Kuna pia chupa ya dawa nzito, ambayo kila ml 1 ina 5 mg. Dozi ya 2.5 mg kutoka kwenye chupa hii ni 0.5 ml tu, nusu ya ml moja, halafu inaongezwa salain safi, yaani maji ya chumvi ya hospitali, 2 hadi 4 ml ili ipate kutoka ukungu. Sasa mchukulie mtu aliyezoea vile vichupa. Vimekwisha dukani, anapewa chupa nzito, anavuta 2.5 ml kama kawaida yake. Amempa mtoto 12.5 mg, dozi tano kwa mpigo mmoja. Moyo utakwenda mbio, mikono itatetemeka, potasiamu mwilini inaweza kushuka. Chupa zote mbili zimeandikwa jina moja la dawa. Tofauti iko kwenye maandishi madogo. Kwa hiyo mwambie daktari akuandikie dozi ya mtoto wako kwa mg na kwa ml, pamoja na nguvu ya dawa yenyewe, na karatasi hiyo uibandike kwenye boksi la mashine. Pima kwa bomba la sindano la 1 ml, bila sindano yake. Kijiko cha chai hakina kazi hapa.

Usitie dawa za kuchoma humo. Kuna watu huvunja ampuli ya gentamaisini au aminofilini wakaimimina kwenye kikombe kwa hoja kwamba ni dawa ya kifua. Hazikutengenezwa kwa njia hiyo. Usichanganye dawa mbili bila kuambiwa. Kilichobaki ndani ya kichupa kilichovunjwa kimwage.

Sasa kuvutisha. Nawa mikono. Mtoto awe ameketi mapajani mwako, mgongo wake kwenye kifua chako, au umemwinua begani, asilale chali. Asiwe ametoka kunyonya sasa hivi, atatapika. Kikombe kisimame wima, kikilala dawa haipandi. Barakoa iwe ya mtoto mchanga, ikae juu ya pua na mdomo na iguse ngozi pande zote.

Hapo kwenye kugusa ngozi ndipo dawa nyingi inapopotea. Mtoto akisumbua, tunaisogeza barakoa kidogo mbali na uso tukisema atauvuta tu ule moshi. Ukiiachia nafasi hata ya upana wa vidole viwili, sehemu kubwa ya dawa inaishia hewani na kwenye kanga yako. Imani nyingine, tena hata wahudumu wanayo, ni kwamba mtoto akilia ndiyo anavuta zaidi. Kinyume chake. Kilio ni pumzi ndefu ya kutoa, na kati ya kilio na kilio anavuta kwa kudaka, kwa kasi, na dawa inagonga kooni na kumezwa. Akilia sana, zima, mtulize, anza upya. Siku moja kabla, mpe barakoa aichezee, aitafune, iwe kitu chake. Washa mashine ikiwa mbali azoee kelele. Mwimbie. Nimeona bibi mmoja akimvutisha mjukuu kwa kuiweka barakoa nyingine kwenye uso wake mwenyewe, wote wawili wakawa wanatazamana kama marubani, mtoto katulia tuli. Akisinzia, mwekee taratibu. Wengine huendelea kulala, wengine huamka kwa vita.

Usimpe Piriton au dawa nyingine ya usingizi ili atulie. Inaficha dalili za kuzidiwa, na kwa mtoto mdogo baadhi ya dawa hizo zinaweza kupunguza pumzi zenyewe.

Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa kawaida. Kikombe kikianza kutema mate, kigonge kidogo kwa kidole matone ya ukutani yashuke. Ukungu ukikoma, umemaliza, hata kama chini kuna tone. Akigeuka rangi, akitapika, akilegea, acha na uondoke naye. Mashine isiwekwe juu ya godoro au blanketi, inahitaji hewa, na waya usipite karibu na jiko au ndoo ya maji.

Mfute uso kwa kitambaa chenye maji. Kama dawa ilikuwa budesonaidi, ile ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, mwoshe uso na umfute ndani ya mdomo au umnyonyeshe, maana dawa hiyo ikibaki huleta utando mweupe kinywani. Kisha, baada ya dakika 15 au 20, mvue tena nguo, hesabu tena. Mwili kutetemeka kidogo na kuchangamka kupita kiasi baada ya salbutamoli hutokea na hupita. Lakini pumzi zikiwa hazijapungua, au zimepungua zikarudi kabla ya saa nne kwisha, usiwashe mashine tena. Funga mtoto mgongoni, nenda hospitali. Hospitalini wanaweza kurudia dawa hiyo hata mara tatu, kila baada ya dakika 15 hadi 20, lakini wanafanya hivyo mtoto akiwa machoni pao na oksijeni iko kando. Kurudia huko si ruhusa ya wewe kurudia dawa nyumbani.

Usafi ni sehemu inayochosha, na ndiyo inayoachwa. Kikombe kilichobaki na tone la jana ni shamba la bakteria, na leo unawapuliza wote mapafuni. Kila baada ya kuvutisha, tenganisha kikombe na barakoa, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kung'uta, acha vikauke vyenyewe juu ya kitambaa safi, umevifunika nzi wasitue. Usivifute kwa kanga. Mara moja kwa siku viue vijidudu kama karatasi ya mashine inavyosema. Vingine huvumilia kuchemshwa, vingine huyeyuka. Mrija hauoshwi: uunganishe, washa mashine dakika mbili tatu, hewa iukaushe. Kichujio kikiwa cha kijivu, badilisha. Mashine mnaweza kuazimana mtaani, ila kikombe, mrija na barakoa kila mtoto na vyake.

Na pengine huhitaji mashine kabisa. Inhela, ile dawa ya kupuliza, ikiunganishwa na spesa yenye barakoa, yaani chemba inayoishika dawa mtoto akaivuta kwa pumzi zake, hufanya kazi sawa na nebulaiza kwa watoto wengi wenye kifua cha kubana, tena bila umeme na kwa muda mfupi: puliza mara moja, acha apumue mara tano au sita, rudia kama ulivyoandikiwa. Spesa zikiwa ghali, jueni kwamba watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999, katika jarida la Lancet, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kutoshea inhela iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na spesa ya dukani. Wale walikuwa watoto wakubwa wanaoweza kushika chupa mdomoni. Mchanga anahitaji barakoa mbele yake, na mhudumu akuonyeshe namna ya kuifunga isivuje. Mimi ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ningenunua spesa.

Nebulaiza nzuri kuliko zote haitashindana na moshi. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani mvua inyeshapo, dawa ya mbu ya kuzungusha, sigara ya baba barazani, na huku kwetu pwani udi na ubani unaofukizwa chumba cha mzazi siku arobaini nzima. Najua udi ni heshima ya nyumba. Fukiza sebuleni mtoto akiwa kwa jirani.

Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Dawa za kikohozi za maji hazimfai aliye chini ya miaka miwili, na waliosikia habari za Gambia mwaka 2022, ambako dawa za aina hiyo zilizochafuliwa zilihusishwa na vifo vya makumi ya watoto, hawahitaji kushawishiwa. Na akitokea mtu, hata awe shangazi mkubwa, akisema kikohozi hakiishi kwa sababu ya kimeo na kwamba anamjua fundi wa kukikata, mkatalie kwa adabu ila mkatalie. Kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata huleta kutoka damu na maambukizi, na nimewapokea watoto walioletwa wakiwa wameloa damu kutoka kwa fundi wa namna hiyo. Kikohozi kilichopita wiki mbili kipelekwe kuchunguzwa, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa au aliyewahi kuugua kifua kikuu.

Nunua daftari la kurasa 48, lifunge kwa uzi kwenye mashine. Kila ukivutisha andika tarehe, saa, dawa na ml zake, pumzi kabla, pumzi baada. Usitegemee kukumbuka, saa tisa ya usiku hakuna anayekumbuka. Ukifika mapokezi, mpe nesi daftari hilo hata kabla hajakuuliza jina la mtoto.